Nicodemus, Kansas: kijiji hakina hata watu thelathini, inakuwaje kila mwisho wa Julai kinafurika?

#1 Dereva_wa_Semi
Wakuu salama. Mi napiga lori huku Marekani, njia zangu nyingi ni Kansas na Colorado. Kuna kipande cha barabara ya 24, kaskazini ya ile kubwa ya I-70, kina kijiji kinaitwa Nicodemus, wilaya ya Graham. Siku za kawaida ukipita hapo huoni mtu, ni ngano na mtama kulia kushoto, nyumba chache, kanisa, upepo, umeshapita. Sasa Julai iliyopita wikiendi ya mwisho nakatiza pale nakuta magari yamejaa mpaka kwenye majani, moshi wa nyama choma, watu weusi watupu wamevaa fulana za kufanana kila ukoo na rangi yake, na wazee juu ya farasi wamepiga magwanda ya bluu ya kijeshi ya zamani. Nikatafuta pa kuegesha nikashuka. Naambiwa ni Homecoming, wanarudi kila mwaka, wanafanya tangu 1878.
Hoja yangu ni hii: kijiji kimekufa, sherehe haifi. Kwa nini? Mi nasema ni hela za serikali, maana kuna kibao kikubwa cha National Park Service pale. Bila hizo hela hakuna kitu. Karibuni mnipinge.

#2 Nyundo_Kubwa
Siti ya mbele kabisa. Picha ziko wapi?

#3 MamaTopeka
Kaka dereva hapo umekosea mapema sana. Serikali kuu iliitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 1996, sherehe ilishapita miaka mia na ushee bila senti ya park service. Mimi naishi Topeka na nimeshaenda na watoto, acha nieleze kidogo wasioijua.
Hao ni watu waliotoka Kentucky, upande wa Lexington na Georgetown, watumwa wa juzi tu, miaka kumi na mbili tu tangu utumwa ufutwe. 1877 ikaundwa kampuni ya kuanzisha mji, mzungu mmoja W. R. Hill, dalali wa viwanja, pamoja na weusi kina W. H. Smith na mchungaji Simon Roundtree. Wakasambaza vipeperushi Kentucky kuwaita watu kwenye ardhi ya ahadi. Septemba 1877 kundi kubwa la kama watu mia tatu likashuka treni kituo cha Ellis na kutoka hapo ni mguu, kilomita hamsini na zaidi kwenye nyika isiyo na mti. Wanafika hamna mji! Hamna mbao, hamna nyumba, wakachimba ardhini, nusu shimo nusu kibanda, paa la nyasi na udongo. Kuna mama anaitwa Willianna Hickman alifika 1878, alisimulia kuwa alipoulizia Nicodemus iko wapi akaonyeshwa moshi unatoka ardhini, akaanza kulia. Ni kama miji inayouzwa kwenye vipeperushi Dar, unaoneshwa bwawa la kuogelea ukifika unakuta mkorosho.
Hill mwenyewe ilibidi ajifiche, watu walitaka kumnyonga.

#4 Kasuku255
Hahahaha dalali ni dalali tu karne zote.

#5 KichwaMaji
Hawa ndio wale Exodusters, weusi wa kusini waliohamia Kansas, wale waliomfuata Benjamin Singleton 1879 wakikimbia Louisiana na Mississippi, nilisoma hii. Kwa hiyo ilikuwa kuwakimbia wauaji, sio kutafuta shamba. Ndio maana wanaikumbuka, kumbukumbu ya kukimbia kifo haifutiki.

#6 Mwl_Historia
#5 hapana mkuu. Unachanganya mambo mawili. Wimbi kubwa la Exodusters ni 1879, Nicodemus ilishakuwepo karibu miaka miwili. Na hawa walitoka Kentucky na walikuja kwa mpango, kwa kampuni, na wazo la kupata ekari 160 kwa sheria ya 1862 ya kugawa ardhi. Singleton yeye makoloni yake yalikuwa kwingine Kansas, mfano Dunlap. Watalii ndio wanawatia wote kapu moja.

#7 KichwaMaji
Sawa mwalimu ila hoja yangu ya kukimbia inabaki, Kentucky hapakuwa peponi.

#8 Mwl_Historia
Sijasema peponi.

#9 BintiMvita
Jamani mimi swali langu ni la tarehe. Weusi wa Marekani si wanasherehekea Juneteenth, siku ya uhuru wa watumwa, 19 Juni? Sasa hawa wa mwisho wa Julai wametoa wapi?

#10 MamaTopeka
Dada swali zuri sana hili. Asili yake ilikuwa tarehe 1 Agosti, na wenyewe walikuwa wanaiita Emancipation. Ni siku sheria ya Uingereza ya kuwaachia watumwa ilipoanza kufanya kazi kwenye makoloni ya Karibi, 1 Agosti 1834. Weusi huru wa Marekani walikuwa wanaisherehekea miaka mingi kabla wao wenyewe hawajaachiwa. Juneteenth ilikuwa ya Texas, ikaja kusambaa baadaye na kuwa sikukuu ya taifa 2021 tu. Nicodemus wakaishika Agosti, halafu kwa sababu ya watu wenye kazi mijini ikasogezwa kwenye wikiendi ya mwisho wa Julai.

#11 Bw_Takwimu
Marekebisho madogo. 1834 hawakuachiwa huru moja kwa moja, waliwekwa kwenye "uanagenzi", yaani waendelee kumtumikia yuleyule bwana miaka kadhaa. Uhuru kamili ni 1838. Nayo ilikuwa 1 Agosti kwa hiyo tarehe haibadiliki.

#12 Shamba_Darasa
Mi sikubaliani na hiyo habari ya Karibi peke yake. Nimefanya kazi mashamba ya Kansas. Ngano ya huko inapandwa vuli inalala chini ya theluji, inavunwa Juni mpaka mwanzo wa Julai, na kipindi hicho mtu halali, kombaini zinakesha. Nani angeacha ngano imekauka shambani aende kucheza ngoma 19 Juni? Mwisho wa Julai ngano ishaingia ghalani, mtu ana hela, mtama bado haujakomaa. Sherehe yoyote ya wakulima inafuata shamba. Hata huko kwetu ngoma zinachezwa baada ya mavuno, nani aliona unyago wakati wa palizi?

#13 BintiMvita
Hii ya #12 imeniingia zaidi 😂

#14 Mwl_Historia
Inaingia lakini haijibu kwa nini walisema kabisa ni siku ya ukombozi na wakachagua tarehe 1 Agosti. Na Kentucky lina mambo yake. Tangazo la Lincoln la 1863 halikuigusa Kentucky maana haikuwa upande wa waasi, watumwa wa Kentucky waliachiwa rasmi Desemba 1865 kwa marekebisho ya 13 ya katiba. Sasa niambie, Desemba kwenye baridi la nyika umo ndani ya shimo utasherehekea nini? Wakabaki na Agosti waliyoizoea.

#15 Shamba_Darasa
Yaani umekubali kuwa hali ya hewa ndiyo imeamua, asante mwalimu.

#16 Nyundo_Kubwa
🤣🤣 mwalimu kajifunga

#17 Kengeleni_Boy
Niaje wazee. Hii tarehe ya Uingereza inanichekesha kiasi sababu huku kwetu Pwani hiyo sheria yao (ilipitishwa 1833) haikutugusa. Soko la watumwa Zanzibar limefungwa 1873, utumwa wenyewe Zanzibar ukafutwa 1897, na kipande chetu cha pwani ya Kenya ni 1907. Mi nimekulia Kisauni, Mombasa, na sisi tuna Nicodemus yetu inaitwa Freretown, wamishonari wa CMS (Church Missionary Society, Waanglikana) waliianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya waliookolewa kwenye majahazi. Kengele ipo mpaka leo na ndiyo imeipa stage jina, makanga anaita "Kengeleni Kengeleni" abiria wanashuka, wengi hawajui kengele ilikuwa ya kutahadharisha watu kwamba majahazi ya watumwa yameonekana. Ukoo zipo, kanisa la Emmanuel lipo. Lakini hatuna homecoming ya wikiendi nzima na farasi. Kwa nini wao wanayo sisi hatuna? Mi nadhani sababu sisi hatukuondoka. Huwezi kufanya sherehe ya kurudi kama kila mtu yupo na anakuona kila siku dukani.

#18 MamaTopeka
#17 umenigusa kaka. Ndiyo hasa, sherehe imekuwa kubwa kadiri watu walivyoondoka.

#19 Mrombo_Original
Mnazunguka sana, hii kitu ni Moshi Desemba basi. Watu wako Dar, Arusha, Mwanza, mwaka mzima mgombani kimya bibi na mbuzi wake, ikifika tarehe 22 foleni Segera mpaka Himo, kila mtu anapeleka gari jipya wakalione. Nyama, kanisa, kikao cha ukoo, kuoneshwa mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), makaburi. Tarehe 2 Januari kimya. Mchagga haulizwi kwa nini anarudi. Hao wa Nicodemus ni Wachagga wa Kansas.

#20 Kasuku255
Tulijua tu Wachagga mtaingia kwenye huu uzi 😂 bado mseme ngano ni mbege.

#21 Mrombo_Original
Ikikosekana mbege ngano inatosha kutengenezea kitu.

#22 Dereva_wa_Semi
Nimesoma wote. MamaTopeka kwenye serikali nakubali tarehe inanipinga, ila nauliza hivi, lile jengo la mawe linalotumika kupokea wageni nani alijenga? Kibao kinasema 1939 na mradi wa serikali. Kwa hiyo hela za serikali zipo tangu zamani.

#23 Bw_Takwimu
Hilo ni Township Hall, la chokaa, lilijengwa na WPA, mpango wa Roosevelt wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo. Majengo ya zamani yanayohifadhiwa ni matano: hilo, kanisa la AME (Wamethodisti weusi) la 1885, kanisa la kwanza la Baptist la 1907, hoteli ya St. Francis ya familia ya Fletcher ya miaka ya 1880, na shule ya 1918. Ila jengo halileti watu. Tuna majengo mangapi ya serikali nchini yanakaliwa na popo?

#24 KichwaMaji
Sawa, sasa mbona kijiji chenyewe kilikufa? Maana 1880 na kitu walikuwa na hoteli, magazeti mawili, maduka, timu ya baseball.

#25 Mwl_Historia
Treni. 1887 wakapiga kura kutoa hati za deni za dola 16,000 ili Missouri Pacific ipitishe reli. Haikuja. Union Pacific nayo ikapita kusini ya mto Solomon, ng'ambo, na pale penye kambi ya wajenzi ukazuka mji wa Bogue. Wenye maduka wakafungasha wakahamia huko, wengine wakihamisha na majengo yenyewe.

#26 Shamba_Darasa
Treni iliua maduka. Kijiji kiliuliwa na ukame wa miaka ya 1930, vumbi lile la Dust Bowl, mtu analala anaamka shamba limehamia kwa jirani. Mpaka 1910 na kuendelea wakulima walikuwepo wengi tu bila treni.

#27 Bw_Takwimu
Posta ilifungwa 1953 vilevile. Posta ikifungwa kijiji kinatoka kwenye bahasha.

#28 Mpita_Njia_KC
Mimi niko Kansas City, nafanya kazi na jamaa ambaye mama yake ni mzawa wa huko. Anasema yote hayo ni kweli ila wao kwao jibu ni fupi: shule. Waliosoma hawakurudi kulima. Veryl Switzer amezaliwa hapo, akaenda Kansas State kucheza mpira wa Kimarekani, 1954 akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Green Bay Packers, mchezaji wa nne kuchaguliwa nchi nzima. Baadaye akawa mkubwa pale pale chuoni. Sasa ukiwa na mtoto hivyo utamwambia rudi ukakamue ng'ombe? Na E. P. McCabe kabla yake, alikuja 1878 kijana, 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo, mweusi wa kwanza kushika cheo cha jimbo zima Kansas, naye akaishia Oklahoma kuanzisha mji wa Langston. Wakubwa wote waliondoka.

#29 Dada_Neema
Mimi nina nadharia ya kichokozi. Bora treni haikuja. Ingekuja, Nicodemus ingekuwa mji wa kawaida tu wa Kansas, wazungu wangejaa, weusi wangebaki mtaa mmoja nyuma ya reli, na leo kusingekuwa na homecoming wala kibao. Miji ya weusi iliyoanzishwa huko magharibi enzi zile baada ya vita ilikuwa zaidi ya mmoja na huu ndio pekee umebaki. Umebaki kwa sababu hakuna aliyeutaka.

#30 Mwl_Historia
Ni nadharia ya kukaa chini kuifikiria, ila usiwaambie wenyewe hivyo, walizitafuta zile dola 16,000 kwa moyo wote.

#31 Mpita_Njia_KC
#29 dada kuna kitu umekiruka, ardhi. Jamaa yangu anasema familia kadhaa bado zina mashamba pale, wengine wanakodisha kwa majirani. Mtu anakuja Julai kwenye sherehe lakini pia kuna kikao cha ndugu, nani analipa kodi ya shamba, nani anataka kuuza. Na wakulima weusi walinyanyasika kweli kwenye mikopo ya wizara ya kilimo, mpaka wakaishtaki wizara, ile kesi ya Pigford iliyofikia suluhu 1999. Wengi walishapoteza. Kwa hiyo ukiona bado mtu ana ekari zake pale lazima arudi kuziangalia.

#32 Mrombo_Original
KIHAMBA. Nilisema post namba 19.

#33 BintiMvita
Mbona hakuna anayesema sanaa? Mleta mada kasema fulana na farasi. Kuna nini hasa cha kuona? Nauliza maana mume wangu anataka tupite tukielekea Denver na sitaki kushuka kwenye jua niangalie watu wakila.

#34 MamaTopeka
Dada utaangalia watu wakila na wewe utakula, usijidanganye. Mwaka tuliokwenda kulikuwa na gwaride Jumamosi, na gwaride lenyewe mji ni mdogo sana kwa hiyo mbele kunafika mwisho nyuma hakujaanza, watoto wakawa wanapiga kelele warudie. Wale wa farasi ni vikundi vinavyoigiza Buffalo Soldiers, vikosi vya weusi vya wapanda farasi, cha tisa na cha kumi, hicho cha kumi kilianzishwa hukuhuku Kansas, Fort Leavenworth 1866. Walikuwa wazee wa miaka sabini huko wamekaa wima kabisa kwenye tandiko, mmoja kofia ikapeperushwa na upepo farasi wa nyuma akaikanyaga, akaivaa hivyohivyo ina alama ya kwato. Halafu kuna onesho la mavazi, mabinti na bibi zao wote wanapita. Jumapili ibada na kwaya, hapo ndipo utalia. Na meza za picha, watu wanainama na vidole, huyu ni babu wa nani, huyu si Williams huyu ni Switzer, ugomvi wa heshima kabisa. Zamani sherehe zilifanyika kwenye miti kando kidogo ya mji wanaita Scruggs Grove, ngumi, baseball na dansi mpaka asubuhi.

#35 Kasuku255
Dansi mpaka asubuhi, hapo ndo jibu lipo mnazunguka tu. Watu walienda kutafuta wachumba. Nyika nzima hamna weusi wengine, kijana wa miaka ishirini atampata wapi mke? Anasubiri Agosti.

#36 Mpita_Njia_KC
Unatania lakini mama wa jamaa yangu alimpata mume pale pale 😂

#37 Nyundo_Kubwa
Uzi ufungwe, Kasuku kashinda.

#38 Mfaransa_wa_Bukavu
Habari zenu wandugu. Niko Wichita, tuko Wakongo wengi hapa. Miye nilienda na kanisa letu, walitupokea muzuri sana. Mutu moja mzee aliniuliza unatoka wapi, nikamwambia Congo, akanishika mukono hakuachilia muda mrefu. Baadaye akaniambia kama wao wanajua mpaka Kentucky, ngambo ya Kentucky hawajue. Nilitaka kuuliza hapa: jina Nicodemus lilitoka kwa Biblia, yule aliyekwenda kwa Yesu usiku?

#39 Mwl_Historia
Karibu ndugu. Kuna wanaosema Biblia, hasa kwa kuwa mchungaji alikuwa kwenye uongozi. Kuna wanaosema ni mtumwa wa hadithi aitwaye Nicodemus aliyeletwa kwa meli akajinunulia uhuru, na kuna wimbo wa 1864 wa Henry Clay Work wenye mtumwa wa jina hilo, na vipeperushi vya kampuni viliutumia. Wenyewe hawajakubaliana.

#40 BintiMvita
Asante wote. Sasa tukishaona gwaride, karibu na hapo kuna nini tena? Na tulale wapi?

#41 Dereva_wa_Semi
Kulala tafuteni Hill City upande wa magharibi au Stockton mashariki, au mshuke Hays kwenye I-70 ndiko hoteli nyingi, ila wikiendi hiyo mweke nafasi mapema. Mkirudi mashariki piteni Lucas, kijiji cha wasanii, ni zaidi ya saa moja. Kuna mzee aliitwa Dinsmoor, askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1907 alijenga Bustani ya Edeni kwa saruji, Adamu na Hawa juu ya nguzo, nyoka, malaika, na daktari, wakili, mhubiri na mwenye benki wanamsulubisha mfanyakazi. Halafu akajijengea kaburi la mawe palepale, jeneza lina kioo na mpaka leo unamwona.

#42 BintiMvita
Unamwona yeye mwenyewe???

#43 Dereva_wa_Semi
Yeye mwenyewe. Alikufa 1932. Na 1924 akiwa na miaka 81 alioa binti wa miaka 20 wakazaa watoto wawili.

#44 Kasuku255
ACHA. Mkuu huyu ndiye angefunguliwa uzi, sio Nicodemus.

#45 Dada_Neema
Na Lucas choo cha umma kimejengwa kwa umbo la choo, mnara wake ni kama mfuniko ulioinuliwa, kuta za ndani wamebandika vigae na vitu vya kuchezea watoto. Nimekitumia. Hawa watu wa nyika wakikosa bahari wanapata muda.

#46 Shamba_Darasa
Mmetoka nje ya mada. Bado nasubiri mtu apinge hoja ya ngano.

#47 Mwl_Historia
Nimekupinga mara mbili.

#48 Shamba_Darasa
Umepinga ukaishia kunisaidia.

#49 Mpita_Njia_KC
Nimemtumia jamaa yangu huu uzi, anatumia programu ya kutafsiri. Anasema #35 na #31 wako sahihi, #29 amemkasirisha kidogo lakini ataupeleka huo mjadala mezani kwa mama yake Julai ijayo, na anauliza Moshi ni wapi na hiyo ngano mnayotaka kuitengenezea kitu mnatengeneza nini.

#50 Mrombo_Original
Nipe namba yake PM.